Dada wa Kachero Msumari

Wateja wa Bi Pindo walijua mambo mawili kabla hawajavuka kizingiti cha kibanda chake cha kushonea. La kwanza, nguo haiwi tayari siku aliyosema, hata akiapa. La pili, ukikaa kusubiri hutachoka, kwa sababu juu ya benchi, kwenye waya wa kutundikia mashati, vilining'inia vijitabu vilivyobanwa kwa vibanio vya nguo, na ndani ya kila kijitabu Kachero Msumari alikuwa taabani. Kuna bwana mmoja alikuja kuchukua suruali, akaambiwa haya, leo iko tayari. Akasema ngoja kwanza fundi, huyu mwanamke mwenye miwani ndio kwanza kachomoa bastola.

Vijitabu hivyo aliviandika mwenyewe, kwa mkono ule ule uliompa jina, maana hakuna fundi mtaani aliyemzidi kukunja pindo la sketi likatulia kama limezaliwa pale. Aliviandika mchana, kati ya mteja na mteja, akavipeleka dukani kutolewa kopi. Hakuviuza. Ukimuuliza bei ananuna. Lakini mwambie tu unasafiri, uone uso unavyokunjuka. Unakwenda wapi? Mbali? Mbali kiasi gani? Basi chukua hiki, na hiki, ukimaliza mpe mtu mwingine huko huko, usinirudishie.

Wasiomjua Msumari, na vijana wa siku hizi wanajua simu tu, wasione haya, waulize. Alikuwa shujaa wa vitabu vya bei chee, karatasi yake inageuka njano kabla hujafika nyumbani. Kwenye jalada kuna mwanamume wa koti refu, sigara mdomoni, na nyuma yake lazima mwanamke anapiga kelele. Kila kitabu alipigwa. Alirushwa kutoka darini, alitiwa sumu kwenye chai, alifungwa kwenye gunia akatupwa mtoni, na kila kitabu aliinuka akajipangusa koti. Waliomwita Msumari walisema kadiri unavyompiga kichwani ndivyo anavyozidi kuingia. Halafu mtunzi wake akafa, kiwanda cha kuchapa kikafungwa, na vitabu vilivyobaki vikaishia madukani kufungia sabuni.

Bi Pindo alimjulia Msumari kinyozini. Msicheke. Sio yeye aliyekwenda kunyolewa, ni kaka yake aliyekuwa akifagia nywele kwa kinyozi mzee wa mtaani baada ya masomo. Yule mzee aliweka vitabu vya Msumari kwenye benchi la wateja, na alikuwa na tabia moja ya kuudhi: akikosa karatasi ya kufutia wembe, ananyoosha mkono, anachana ukurasa wa mwisho wa kitabu kilicho karibu. Mteja akilalamika anajibiwa kwamba mtu akifika ukurasa wa mwisho zamu yake imeshafika, kwa hiyo ukurasa huo hauna kazi. Ukimsikiliza haraka haraka unaona ana akili. Kitabu kikishachanwa mpaka kikaona haya, mzee anampa kijana akapeleke nyumbani.

Nyumbani walikuwa wawili tu mpaka jioni. Mama yao alikuwa akifanya usafi hospitali, zamu ya mchana, na baba alikuwa habari ya zamani isiyozungumzwa. Mama aliacha amri moja: mlango uwe na komeo, na msichana asimfungulie mtu mpaka ajue ni nani. Basi kaka alikuwa akitoka kinyozini ananawa bombani pale nje kuondoa nywele za watu, anaingia, anakaa kwenye kigoda akiuegemea mlango, anafungua kitabu na kusoma. Mdogo wake analala chali kwenye mkeka, macho yameganda kwenye mabati ya dari.

Na alisoma, mwanaharamu yule! Jambazi alikuwa na sauti yake, polisi mnene sauti yake, mwanamke wa kupiga kelele alimpigia kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kilichompendeza msichana kuliko vyote ni mwisho. Majambazi wametiwa pingu. Mkubwa wa polisi anamwambia Msumari panda gari tukupeleke, anakataa. Anatembea kwa miguu mpaka uchochoroni kwao, ananawa mikono bombani, anagonga mlango mara mbili, halafu anaukwaruza mara moja kwa kucha. Ndani dada yake mdogo anauliza, "Nani?" Naye anajibu, "Mwenye mikono misafi." Dada anainua komeo. Hapo ndipo kitabu kinapofungwa, na msichana anakubali kuinuka akawashe jiko.

Alipojua kusoma mwenyewe aliviokota vile vitabu akaona havina kurasa za mwisho. Akamshika kaka yake shati. Mwisho unausoma wapi wewe? Kaka hakupepesa jicho. Akasema anausoma palepale kinyozini kabla mzee hajauchana, anauweka kichwani, anakuja nao. Msichana akaamini, na akamwona kaka yake ni mtu wa maana sana, mtu anayewahi wembe. Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Kaka alipokuwa mtu mzima wa kufanya kazi nzito aliajiriwa na kampuni ya kujenga barabara. Siku lori lilipokuja kuwachukua, alikuwa kwenye kigoda chake anamsomea dada yake *Kachero Msumari na Kisima cha Chumvi*. Dada alikuwa msichana mkubwa sasa, anashona kwa watu, anajisomea chochote anachotaka, lakini Msumari hakukubali kumsoma peke yake. Walikuwa wamefika pale Msumari yuko chini ya kisima, kamba imekatwa, na juu mtu anaanza kufunika mdomo wa kisima kwa ubao. Lori likapiga honi. Kaka akafunga kitabu, akamwekea mapajani.

"Mwisho nitakusimulia nikirudi," akasema.

Barabara ilikwenda, na yeye akaenda nayo. Ilivuka mpaka, ikaingia nchi nyingine, ikamaliza nchi hiyo. Barua zilikuja zenye vumbi, kisha zikawa fupi, kisha zikakatika. Mama yao alikufa akiulizia. Waliokwenda pamoja naye wengine walirudi, wakasema waliachana naye kwenye kambi fulani, alikuwa mzima, alikuwa anacheka. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

Mwaka barua zilipokatika ndio mwaka Bi Pindo alipoanza kuandika. Aliandika hadithi moja tu, ili mikono isikae bure. Alimtia Msumari mashakani, akamtoa, akamfikisha bombani, akamgongesha mlango. Alipofika kwenye komeo alilia kwa kwikwi, halafu akajisikia mwepesi. Akaandika nyingine. Baadaye ndipo lilipomjia wazo kwamba karatasi inasafiri. Mtu mwenye kukaa kambini, kwenye kituo cha malori, anasoma chochote anachokikuta. Akikuta Msumari mpya, atashangaa. Akisoma mpaka mwisho akakuta dada bado yuko nyuma ya mlango na mkono kwenye komeo, atajua. Alitaka ajue, hicho tu. Hata asirudi, ajue.

Aliolewa, akazaa binti, akafiwa na mume mwema, na katika yote hayo hakuhama nyumba ile ya mama yao. Binti yake, aliyekuwa na kazi nzuri mji mwingine, alimwomba ahamie kwake mpaka akachoka. Basi angalau, mama, tukuwekee mlango wa chuma wenye kengele, huu wa mbao umeshaliwa na mchwa. Bi Pindo alimjibu kwamba mchwa na yeye wanaelewana, kila mmoja anakula upande wake. Binti akakata simu kwa hasira. Angemwambiaje? Mlango wa chuma haukwaruziki kwa kucha.

Ndipo siku moja redio ikatangaza. Kuna wachapishaji walioafikiana na watoto wa yule mtunzi marehemu kumrudisha Kachero Msumari. Walikuwa wanatafuta hadithi mpya kutoka kwa yeyote anayempenda, na zitakazochaguliwa zitachapwa maelfu kwa maelfu, ziuzwe stesheni, bandarini, kwenye vituo vyote vya malori, ndani ya nchi na ng'ambo ya mpaka. Bi Pindo alikuwa anapima kiuno cha mteja. Alikaza futi mpaka mteja akaguna.

Alipeleka hadithi yake iliyo bora, ile ya bibi arusi wa bandia mwenye almasi zilizoshonewa ndani ya pindo la gauni, na Msumari anamgundua kwa sababu pindo linaning'inia zito upande mmoja. Wengi wa mtaani walikuwa wameshaisoma mara tatu. Akakaa akisubiri roho juu. Wakamwita.

Mhariri alikuwa binti mdogo kuliko wake, mwenye heshima, akampa kiti na chai kabla ya maneno. Alimwambia hadithi imewalaza watu macho wazi pale ofisini. Pindo lile, mama, nani angewaza! Wanaitaka. Kwenye jalada litakuwa jina la mtunzi wa zamani peke yake, kama itakavyokuwa kwa vitabu vyote, hayo ni masharti ya familia. Bi Pindo akasema jina lake halimsumbui, hata likiachwa. Na kweli halikumsumbua, ishara yake ilikuwa mahali pengine.

"Kuna jambo dogo tu," mhariri akasema. "Huyu dada wa mwisho. Inabidi atoke."

Bi Pindo alidhani hakusikia vizuri. Atoke aende wapi?

Mhariri alieleza kwa upole. Msumari hana dada. Hana ndugu wala nyumba, mtunzi alimfanya yatima wa kuokotwa, na familia imeweka sharti asipewe jamaa. Wamechoka na barua za watu wanaotaka kumwoza. Raha ya Msumari, mama, ni kwamba hana kwao.

"Mwanangu, mimi nimemjua Msumari kabla mama yako hajaota meno," Bi Pindo akasema. "Dada yake yumo kwenye kila kitabu. Angalia mwisho."

Mhariri hakubishana. Alikwenda kabatini akaleta sanduku. Walikuwa wamezunguka kwa watu wenye kutunza, wakakusanya vitabu vyote, vizima, na majalada yake. Bi Pindo aliviona akavitambua kimoja kimoja kama watoto wa jirani. Akakichukua cha kwanza, akakifungua nyuma.

Msumari alikuwa amewatia majambazi pingu. Mkubwa wa polisi akamwambia apande gari. Msumari akawasha sigara, akapanda garimoshi la mwisho, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Akachukua kingine. Msumari aliondoka na mwanamke wa jaladani. Kingine, Msumari kwenye hoteli mpya, maana hakulala siku mbili mahali pamoja. Kingine, sigara na garimoshi tena. Alivipekua vyote kwa haraka. Hapakuwa na uchochoro wala bomba, na hakuna mtu aliyebisha hodi popote.

Mhariri akamuuliza taratibu, huyu dada alimtoa wapi?

Ndio kwanza Bi Pindo naye alikuwa anajiuliza. Bomba lilikuwa lao. Lilikuwa pale nje kwao, linavuja mpaka leo. Komeo lilikuwa lao. Mikono misafi ilikuwa ya kijana aliyetoka kunawa kuondoa nywele za watu, na kugonga mara mbili na kukwaruza ndivyo kaka yake alivyogonga, kila siku, miaka yote. Alikuwa akisikia mlango wake mwenyewe ukigongwa ndani ya kitabu, na hata siku moja hakushtuka. Alidhani Msumari anafanana na kaka. Jamani, mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hicho na akaishia kuwa fundi wa maana! Kaka hakuwahi wembe hata siku moja. Alifika mahali karatasi ilipochanika akaendelea mbele, akifunua kurasa ambazo hazikuwepo, kwa ajili ya mtoto anayeogopa kukaa peke yake na komeo.

Alicheka. Kisha machozi yakamshuka palepale kwenye kiti cha watu, na hakuyafuta. Hamu ya kaka yake ilimshika kwa namna aliyokuwa ameshaisahau, si ya mawazo tu, ya mpaka mifupani, kama hamu ya mtu aliyetoka chumbani sasa hivi. Mhariri alidhani ni uchungu wa hadithi, akamshika bega akamwambia asihuzunike, ni aya mbili tu za kukata. Akampa wiki moja. Na ili kumpoza, akatoa sandukuni kitabu ambacho walikuwa na nakala zake mbili, akasema chukua hiki mama, zawadi, kizima kabisa. Kilikuwa *Kisima cha Chumvi*.

Alikibeba nyumbani kwenye kikapu, chini ya kitambaa, kama mtu aliyebeba yai.

Wiki ile hakuna nguo iliyotoka. Alikaa na hadithi yake ya bibi arusi akajaribu kumfumua yule dada. Yeye alikuwa anajua kufumua: unakata uzi mmoja, unavuta, kipande kinatoka bila kuacha alama. Alikata bomba, akakata mlango, akakata swali na jibu. Msumari akawasha sigara akapanda garimoshi. Alisoma yote upya, na ilikaa vizuri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba ilikaa vizuri. Kitabu kile kingekwenda kila kituo cha malori mpaka mwisho wa lami, na kama kaka yupo angekisoma, angekipenda, angekitupa, asijue kimetoka kwa nani. Lakini kingefika. Yale makaratasi yake ya kubanwa na vibanio yalikuwa yamefika wapi?

Na mezani palikuwa na *Kisima*. Ukurasa wa mwisho ulikuwepo, safi, unasubiri. Miaka yote hiyo Msumari alikuwa chini ya kisima na ubao juu ya kichwa, na ilitosha kufunua karatasi moja. Mara mbili aliweka kidole gumba pale. Mara moja alifunua mpaka akaona neno la kwanza la juu, lilikuwa "Ghafla", akafunga kama aliyeungua. Alijua kitakachotokea. Angesoma, angeona sigara na garimoshi, na lile deni la kaka lingekuwa limelipwa na mtu mwingine. Mtu asiyedai tena kitu hana sababu ya kumngoja mtu.

Siku ya mwisho wa wiki alimpigia mhariri simu, akamwambia hadithi yake airudishe, dada hatoki. Mhariri alisikitika kweli. Alimwambia nafasi kama hii mama hairudi. Bi Pindo alimwambia anaelewa, akamshukuru kwa chai, akamwambia akiwa na sketi ya kukunja ailete, hatamtoza.

Kisha akachukua *Kisima cha Chumvi*, akavuka barabara, akaingia kinyozini.

Kinyozi wa sasa ni mtoto wa yule mzee, mtu wa makamo mwenye kitambi na maneno. Alikuwa na mteja kitini, uso umejaa povu, wembe hewani. Bi Pindo akamwekea kitabu kwenye meza ya vioo, kifudifudi, jalada la nyuma juu.

"Chana ukurasa wa mwisho," akasema. "Futia wembe."

Kinyozi akatazama kitabu, akamtazama yeye. Akasema siku hizi tunatumia taulo, Bi Pindo, mambo ya karatasi yalikwisha na baba. Tena kitabu kizima hivi, cha zamani, watu wanavitafuta kwa tochi. Akakichukua, akafunua nyuma, na kwa kuwa macho ya mtu hayana adabu, akaanza kusoma. Nyusi zikampanda.

"Ala! Kumbe huyu bwana—"

"Ukifungua mdomo," Bi Pindo akamkata, "suti ya kumwozea binti yako utaishona mwenyewe."

Mteja kwenye povu akacheka. Kinyozi hakucheka, kwa sababu alikuwa amemwona usoni. Alikuwa anamkumbuka vizuri yule kijana wa kufagia, aliyekuwa akimbeba yeye mabegani alipokuwa mdogo na kumzungusha mtaani. Akamwuliza kwa sauti ya chini, bila utani, kwani hataki kujua?

"Nataka sana," Bi Pindo akasema. "Lakini mwisho huu una mwenyewe. Alisema atanisimulia."

Kinyozi akauchana. Ulitoka kwa mlio mdogo, mkavu. Akapitisha wembe kwenye shavu la mteja, akaufuta kwenye karatasi, povu na nywele, akapitisha tena, akaufuta tena, mpaka maneno yakalowa yakashikamana. Alipomaliza akaikunjakunja akaitupa ndani ya kopo la taka. Kisha akampa kitabu chake kwa mikono miwili.

Bi Pindo alirudi kibandani akakitundika kwenye waya pamoja na vingine. Jioni alifunga kibanda akaenda nyumbani, akanawa bombani, akaingia, akateremsha komeo. Kabla ya kuwasha jiko aliburuta kigoda, akakiweka palepale kilipokuwa kikikaa, kikiuegemea mlango, ila safari hii aliketi yeye, mgongo kwenye mbao. Hapo ndipo mtu anaposikia kucha.